Prosesa Inapotoa Jibu la Uongo: Utafutaji wa Hitilafu katika Seva Bapa

Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kufundishwa matumizi ya majedwali ya logi anaweza kutafuta thamani ya 1.1 kwa kipeo cha 53 bila taabu kubwa. Logi ya 1.1 ni 0.0414. Akiizidisha kwa 53 atapata 2.1942, na akirudi katika jedwali la antilogi atapata 156.4. Jibu lililo sahihi zaidi ni 156.25. Jedwali limekosea kidogo katika desimali, lakini namba kamili, yaani 156, ni ileile.

Mnamo 2021 wahandisi wa kampuni ya Facebook ya Marekani walichapisha ripoti kuhusu prosesa moja, miongoni mwa mamia ya maelfu ya mashine zao, iliyopewa hesabu hiyohiyo ikajibu 0. Prosesa hiyo haikusimama, haikuwasha taa ya hatari, wala haikuandika popote kwamba imeshindwa. Ilitoa jibu lake na kuendelea na kazi nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Walioliona kosa hilo kwanza waliona kwamba mafaili fulani yamepotea, na hapakuwa na dalili yoyote ya nani aliyeyapoteza.

Je, fundi humtafutaje mkosaji wa namna hiyo? Swali hili halimhusu fundi peke yake. Ni swali la kisayansi, kwa kuwa linadai uchunguzi, dhana, jaribio na hitimisho, na mahali pazuri pa kulichunguza ni ndani ya mitambo inayoitwa seva bapa.

Seva bapa ni nini?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Mwanafunzi anapotafuta matokeo ya mtihani kwa simu, au mfanyabiashara anapopokea malipo kwa simu, ombi lake husafiri hadi katika seva, na jibu hurudi kutoka huko. Hapo zamani kila seva ilikuwa sanduku linalojitegemea, lenye feni zake, vifaa vyake vya umeme na nyaya zake. Chumba chenye seva mia kilikuwa na nyaya nyingi mno, na nafasi yake kubwa ilijaa vitu vilivyorudiwarudiwa.

Mnamo 2001 kampuni ya Marekani iliyoitwa RLX Technologies ilitoa mtambo uliokusanya seva 24 katika kasha moja lenye kimo cha sentimita 13 hivi. Kila seva ilikuwa bodi moja nyembamba, iliyochomekwa wima kama kitabu katika rafu. Kwa sababu ya wembamba huo, seva hizi zilipewa jina la bapa la kisu. Kampuni kubwa zilifuata. Kasha la c7000 lililotolewa na kampuni ya HP mnamo 2006 lilikuwa na kimo cha sentimita 44 hivi, likabeba seva 16 ndogo au 8 kubwa, zilizoshirikiana feni 10 na vifaa 6 vya kugawa umeme.

Ushirika huu una faida nyingi: umeme mchache hupotea, nyaya hupungua, na seva mbovu huchomolewa na nyingine kuchomekwa kwa dakika chache. Lakini ushirika huohuo humtatiza fundi. Seva inapozimika ghafla, kosa laweza kuwa lake yenyewe, au la kasha linaloilisha umeme, au la feni isiyoipelekea hewa ya kutosha, au la jirani yake anayetoa joto jingi. Ndiyo maana kila seva bapa imewekewa kompyuta nyingine ndogo sana, inayoweza kuitwa msimamizi. Msimamizi hufanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi kasha lina umeme. Hupima joto, volteji na mwendo wa feni, na kila jambo lisilo la kawaida huliandika pamoja na saa yake katika daftari la matukio.

Matabaka matatu ya washukiwa

Watu wengi hudhani kwamba prosesa ni kipande cha silikoni tu, ambacho ama ni kizima ama ni kibovu. Kwa hakika, baina ya umeme na programu ya mtumiaji yamo matabaka kadhaa, na kila tabaka laweza kuwa na kosa lake.

Tabaka la kwanza ni maumbile yenyewe ya prosesa: transista, ambazo katika prosesa za seva za leo ni maelfu ya mamilioni, pamoja na viungo vinavyoiunganisha prosesa na bodi kuu.

Tabaka la pili ni maikrokodi. Mnamo 1951 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa wazo kwamba amri ya mashine haina haja ya kuundiwa saketi yake ya pekee. Yaweza kuvunjwa kuwa hatua ndogondogo, na hatua hizo zikaandikwa katika kumbukumbu maalumu ndani ya mashine. Prosesa nyingi za leo hutumia njia hiyo kwa amri zilizo ngumu. Kwa hiyo ndani ya prosesa yamo maandishi, na maandishi yaweza kusahihishwa.

Tabaka la tatu ni programu dhibiti, yaani programu inayokaa katika chipu isiyosahau umeme unapokatika. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa na Ascher Opler mnamo 1967. Seva inapowashwa, programu hii ndiyo huamka kwanza. Huitambua prosesa, hukagua kumbukumbu, hupanga volteji na kasi, huipa prosesa maikrokodi mpya kama ipo, kisha hukabidhi mashine kwa mfumo endeshi. Maikrokodi iliyopokewa kwa njia hii hufutika umeme ukizimwa, na kwa sababu hiyo hupakiwa upya kila seva inapowashwa.

Matokeo yake ni haya: prosesa iliyo nzima kabisa yaweza kuonekana mbovu. Mfano unaojulikana sana na mafundi ni wa seva iliyowekewa prosesa ya toleo jipya huku programu yake dhibiti ikiwa ya zamani. Programu hukutana na mgeni isiyemjua, na seva hukataa kuwaka. Fundi asiye na subira huirudisha prosesa dukani. Fundi mwenye maarifa huirudisha prosesa ya zamani katika soketi, huwasha seva, huweka programu dhibiti mpya, kisha ndipo huweka prosesa mpya.

Hitilafu inayopiga kelele

Hitilafu iliyo nyepesi kutafutwa ni ile inayojitangaza. Prosesa za seva zimejengewa saketi za kujikagua katika sehemu kadhaa. Kumbukumbu nayo hulindwa kwa mbinu iliyochapishwa mnamo 1950 na Richard Hamming wa Bell Laboratories, Marekani. Alionyesha kwamba biti chache za ziada, zikipangwa kwa hesabu maalumu, zaweza kuonyesha ni biti ipi iliyogeuka, na hivyo kuirudisha katika hali yake. Hitilafu ya namna hiyo inapotokea, msimamizi huandika taarifa katika daftari.

Ichukuliwe mfano wa seva bapa yenye prosesa mbili, ambayo daftari lake linasema kwamba prosesa ya pili ina kosa. Je, prosesa hiyo itupwe? La hasha. Daftari limetaja mahali kosa lilipoonekana, na mahali pa kuonekana si lazima pawe mahali pa asili. Washukiwa bado ni watatu: prosesa, soketi pamoja na bodi yake, na programu dhibiti.

Hapo fundi hufanya jaribio la kubadilishana. Kwanza hunakili taarifa zote za daftari na matoleo ya programu. Pili huzima seva, huichomoa, na kuvaa mkanda wa mkononi unaopeleka ardhini umeme tuli wa mwili. Tatu huzichunguza soketi kwa kioo cha kukuza kabla ya kuhamisha chochote. Nne huihamisha prosesa ya kwanza katika soketi ya pili, na ya pili katika soketi ya kwanza, na kupaka upya dawa ya kupitisha joto baina ya prosesa na kipoza joto chake. Kisha huwasha na kusubiri.

Kosa likihamia soketi ya kwanza pamoja na prosesa iliyoshukiwa, prosesa ndiyo yenye kosa. Kosa likibaki katika soketi ya pili ingawa sasa imo prosesa nyingine, kosa li katika soketi au bodi. Kosa likionekana katika soketi zote mbili, yafaa kuitazama programu dhibiti au umeme. Je, kosa likitoweka kabisa? Wengi hushangilia hapo na kufunga kazi, ilhali jibu hilo ndilo gumu kuliko yote. Huenda prosesa haikuwa imekaa sawasawa, na kitendo cha kuichomoa na kuirudisha kimeponya kiungo. Huenda pia kosa linakuja na kuondoka kwa kufuata joto. Seva ya namna hiyo haipewi kazi ya maana mpaka iwe imejaribiwa kwa mzigo mzito kwa muda wa kutosha.

Uchunguzi wa soketi hauwezi kurukwa. Katika soketi nyingi za seva, pini zimo katika soketi wala si katika prosesa. Soketi moja ya kampuni ya Intel, iliyotolewa mnamo 2011, ina pini 2,011, na namba hiyo imetiwa katika jina lake, LGA 2011. Pini moja ikipinda, njia moja ya kumbukumbu yaweza kukatika. Daftari litasema kwamba kumbukumbu haionekani. Fundi atanunua kumbukumbu mpya, nayo haitaonekana. Kasoro ya pini moja imemfanya alaumu kifaa kisicho na hatia.

Sheria ya kazi hii ni moja: badilisha kitu kimoja, tazama, andika, kisha ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha prosesa na programu dhibiti kwa mara moja aweza kuiponya seva, lakini hatajua ni dawa ipi iliyoponya, na ugonjwa ukirudi katika seva ya pili ataanza upya.

Hitilafu iliyo katika maandishi

Programu dhibiti huandikwa na watu, na watu hukosea. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za seva, zisizo na sehemu inayozunguka, zingekufa mara tu zitakapotimiza saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Ilitoa programu dhibiti mpya na kuwataka waiweke kabla ya saa hiyo.

Mwanafunzi anayejua namba za msingi wa mbili ataitambua namba hiyo: ni 2 kwa kipeo cha 15. Katika nafasi ya biti 16 zenye alama ya chanya au hasi, namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa ni 32,767. Ukiongeza moja, nafasi hujaa, na namba inayosomeka ni hasi 32,768. Diski hizo hazikuwa na transista mbovu, na kila kipimo cha umeme kingezikuta nzima hadi dakika ya mwisho.

Hatari yake ilikuwa kubwa kuliko ya kifo cha diski moja. Seva huwekewa diski zaidi ya moja ili moja ikifa nyingine iokoe kumbukumbu. Lakini diski zilizowashwa siku moja zingetimiza saa hizo pamoja na kufa pamoja. Kinga ya kuweka akiba hufaa kwa ajali zinazotokea ovyo. Haifai kitu kwa kosa lililonakiliwa katika kila kifaa.

Je, basi kila programu dhibiti mpya iwekwe pindi inapotoka? Historia inaonya. Mnamo Januari 2018 ilitangazwa kwamba prosesa nyingi zina udhaifu wa usalama, uliopewa majina ya Meltdown na Spectre. Intel ilitoa maikrokodi mpya dhidi ya Spectre, na seva kadhaa zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe mara kwa mara kuliko kawaida. Tarehe 22 ya mwezi huohuo Intel iliwataka wateja waache kuyaeneza matoleo hayo hadi yatakaposahihishwa. Kwa hiyo mwenye makasha mengi hulijaribu toleo jipya katika seva chache kwanza, na hulihifadhi toleo la zamani ili aweze kulirudia.

Hitilafu iliyo kimya

Sasa yafaa kurudi kwa prosesa iliyojibu 0. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika kompyuta hakuna kilicho karibu zaidi kuliko kiini kinachofanya hesabu. Kumbukumbu hulindwa kwa mbinu ya Hamming, lakini matokeo ya kuzidisha na kugawanya ndani ya prosesa, kwa sehemu kubwa, hayana wa kuyahakiki.

Jambo hili lilikwisha kuonekana mnamo 1994. Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Marekani, alikuwa akijumlisha vipeo vinyume vya namba tasa pacha, yaani sehemu kama 1/5 na 1/7. Matokeo ya kompyuta zake yakakataa kulingana. Alishuku programu yake mwenyewe, kisha sehemu nyingine za mashine, akiondoa mshukiwa mmoja baada ya mwingine kwa miezi kadhaa, mpaka akabaki na prosesa ya Pentium. Ikagunduliwa kwamba jedwali lililotumika ndani ya prosesa kwa kazi ya kugawanya, lenye vyumba 1,066 vilivyopaswa kujazwa, lilikuwa na vyumba 5 vilivyoachwa bila kujazwa. Kwa mfano, 4,195,835 ikigawanywa kwa 3,145,727 ilitoa 1.33374 badala ya 1.33382. Mnamo Desemba Intel ilikubali kumbadilishia kila aliyetaka, na gharama iliyotangaza ilikuwa dola milioni 475. Pentium Pro, iliyotoka mnamo 1995, iliwekewa njia ya kupokea maikrokodi mpya.

Kosa la 1994 lilikuwa la mchoro, hivyo kila prosesa ya toleo hilo ilikuwa nalo, na mtu yeyote aliweza kulirudia kwa mfano uleule. Kosa lililoelezwa na Facebook mnamo 2021 ni la namna nyingine: lilikuwa la prosesa moja, na ndani ya prosesa hiyo, la kiini kimoja tu kati ya vingi.

Programu iliyokosewa ilikuwa ikifungua mafaili yaliyokuwa yamebanwa ili yachukue nafasi ndogo. Kabla ya kulifungua faili, programu ilipiga hesabu ya ukubwa wake. Hesabu ilipotoa 0, programu iliamini kwamba faili ni tupu, ikaliacha. Wahandisi walipoirudia kazi hiyo kwa viini vyote pamoja, kosa lilitokea kwa bahati nasibu. Walipoifunga kazi katika kiini kimoja kimoja, kiini namba 59 kilikosea kila mara kwa namba zilezile. 1.1 kwa kipeo cha 52 kilitoa 142, jibu sahihi. Kwa kipeo cha 53 kilitoa 0. Kwa kipeo cha 107 kilitoa 32,809 badala ya 26,854. Kisha waliipunguza programu hatua kwa hatua, kutoka mamia ya maelfu ya mistari hadi mistari 60 hivi ya amri za mashine, huku wakihakikisha kwamba kosa bado limo. Walipofika hapo, hapakuwa tena na mahali pengine pa kosa kujificha.

Mwaka huohuo wahandisi wa Google nao waliripoti kwamba walikuta viini vya namna hiyo vichache katika kila mashine elfu kadhaa. Maikrokodi mpya haikusudiwi kuponya silikoni yenye kasoro. Dawa iliyopo ni kukiondoa kiini hicho katika kazi, na kuzipima prosesa mara kwa mara kwa maswali ambayo majibu yake yamekwisha kujulikana, kama mwalimu anavyompima mwanafunzi.

Funzo kwa darasa

Maabara ya kompyuta ya shule haina seva bapa, lakini ina kompyuta zinazogoma, nazo zafaa kwa mafunzo. Mwalimu aweza kuwataka wanafunzi waandike dalili kabla ya kugusa chochote, wataje washukiwa wote, wachague jaribio litakalomtenga mmoja, na wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa kufanya hivyo watakuwa wamefanya sayansi, hata kama kosa litakuwa ni waya uliolegea.

Zoezi la pili halihitaji kompyuta. 1.1 ikizidishwa yenyewe mara 7 hutoa 1.95, ambayo ni karibu na 2. Kipeo cha 49 ni hatua saba za namna hiyo, kwa hiyo jibu lake haliwezi kuzidi 128, wala haliko mbali nayo sana. Bado vipeo vinne, ambavyo pamoja huongeza karibu nusu. Bila jedwali wala mashine, mwanafunzi amekwisha kujua kwamba jibu liko baina ya 100 na 200.

Programu ya kufungua mafaili haikuwa na makadirio hayo. Ilipewa 0, ikaikubali, na mafaili ya watu yakapotea. Mwanafunzi aliyezoea kukadiria kabla ya kubonyeza asingeipokea 0 hiyo, hata kama ingetoka katika mashine yenye thamani ya nyumba.